Je, wajua? Boila ya garimoshi huweza kulipuka bila presha kuzidi

Wengi huamini boila ya injini ya mvuke, yaani tangi linalochemshia maji yawe mvuke, hulipuka kwa sababu presha imezidi. Hatari hiyo ipo, lakini ndiyo iliyodhibitiwa vizuri zaidi: sheria ya Marekani inataka kila injini iwe na valvu za usalama zisizopungua mbili, na hizo hufunguka zenyewe bila kumngoja dereva. Boila yenye presha ya kawaida kabisa bado huweza kupasuka. Adui mkubwa ni maji kupungua.

Juu ya moto kuna bamba la chuma, paa la tanuri, ambalo lazima lifunikwe na maji wakati wote. Fikiria sufuria jikoni: ikiwa na maji haiungui, maana maji hubeba joto, yakikauka, kitako huwiva chekundu. Kwenye presha ya bar 14 maji huchemka karibu nyuzi 198, na bamba lililofunikwa halipandi mbali na hapo, ingawa moto chini yake umepita nyuzi 1,000. Likibaki wazi, chuma hulegea, hubonyea kati ya nondo zinazolishikilia, kisha huchomoka. Presha hushuka ghafla na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, kila lita ikitaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600.

Plagi ya risasi, yaani kizibo cha metali laini kilichofungwa kwenye paa, huyeyuka kutoa onyo, ila ukoko wa chokaa huweza kuizuia, na mvuke unaotoka hauzimi moto. Tegemeo ni kioo cha maji, yaani bomba la kioo linaloonyesha kiwango cha maji ndani ya boila. Hiki nacho hudanganya njia zake zikiziba, kwa hiyo hupimwa kila siku kabla ya kazi: funga koki ya juu, fungua ya kutolea, maji yaruke, fungua ya juu, funga ya chini, mvuke utoke, kisha rudisha zote. Maji yakipanda polepole, njia imeanza kuziba.

Tarehe 16 Juni 1995, paa la tanuri la injini namba 1278 ya reli ya kitalii ya Gettysburg, Pennsylvania, liliachia safarini. Wafanyakazi 3 waliungua vibaya. Uchunguzi ulitaja matengenezo duni na mafunzo haba. Kanuni za Marekani zikaandikwa upya mwaka 1999: vioo viwili, alama ya chini kabisa ikiwa angalau inchi 3 juu ya paa, na njia mbili za kuingiza maji. Boila huoshwa ndani kila baada ya siku 31 za kazi, na hukaguliwa yote baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litangulialo.

Chama cha kujitolea kinachoendesha injini za mvuke hakisamehewi kanuni hizi eti kwa sababu hakitafuti faida. Uingereza vilevile: sheria ya usalama kazini ya 1974 huzigusa reli za kihistoria. Wanachama wa vyama hivyo Marekani wakumbuke pia kwamba siku ya kazi huhesabiwa moto ukiwaka na mvuke ukiwa na presha, hata injini ikiwa imesimama kwa maonyesho tu.