Kwenda kufundisha mabinti nchi ya watu: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Anayejitolea ni Mzungu, anayesaidiwa ni Mwafrika.
Picha hii imetoka mbali. VSO, shirika la Uingereza la kupeleka watu kujitolea nje, lilianza mwaka 1958, lile la Marekani, Peace Corps, 1961, na walimu wao wamepita shule nyingi za kwetu. Lakini hata Mkenya au Mtanzania anaweza kuomba nafasi ya kujitolea nje kupitia programu ya Umoja wa Mataifa, UNV, yenye makao Bonn. UNV humpa posho ya kujikimu na haitozi ada ya maombi. Ukidaiwa hela ya fomu kwa jina lake, huyo ni tapeli.

Dhana: Ukijua Kiingereza, darasa umelimaliza.
Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma miaka yote kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza, baiolojia na hesabu zinageuka Kiingereza. Mwalimu mgeni anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia, "Yes, madam!" Naye anafuta ubao, anaendelea. Kumbe binti wa dawati la nyuma amenakili kila neno la usanisinuru na hajui jani linafanya kazi gani. Mwambie amweleze mwenzake kwa Kiswahili, utajua papo hapo kama somo limeingia. Sasa mgeni asiyekijua Kiswahili atasikiaje jibu? Ndiyo maana Peace Corps huanza na miezi kama mitatu ya mafunzo, lugha ikiwemo, kabla ya miaka miwili ya kazi.

Dhana: Mabinti wanamsubiri mgeni awafungue macho.
Wanaye dada yao. Shirika la CAMFED, lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993, huwatumia wasichana waliowahi kusomeshwa nalo: wanarudi katika shule za maeneo yao, Tanzania ikiwemo, kuwa walezi wa wadogo zao. Wanafundisha stadi za maisha, na binti akianza kukosa shule wanafuatilia hadi nyumbani. Nao wanaweza kupata mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara. Dada wa namna hii anajua mama gani ni wa kuongea naye, na kwa lugha gani. Kwa maoni yangu, mgeni mwenye busara angekaa nyuma yake: asahihishe madaftari, asaidie Kiingereza na hesabu, amwachie dada mazungumzo ya hedhi, wachumba na ada.

Dhana: Wiki mbili za likizo zinatosha.
Kupaka rangi ukuta, labda. Binti hakwambii yanayomsibu kabla hajakuzoea, na akikuzoea ndio unapanda ndege.

Dhana: Silipwi, kwa hiyo viza ya utalii inatosha.
Tanzania kujitolea nako ni kazi mbele ya Uhamiaji. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachowahusu wa kujitolea, pamoja na wanafunzi na watafiti. Muulize mwenyeji wako nani anakiombea na nani anakilipia, na umuulize kabla hujakata tiketi.