Kometi ni mgumu, ila siyo kwa bakuli lako

Hapa Tanga utasikia kometi, yule samaki wa mapambo, goldifishi mwenye mkia mrefu, ni mgumu balaa, mtupie tu kwenye bakuli la kioo sebuleni, atabaki mdogo kulingana na bakuli. Siyo kweli bwana! Akitunzwa anafika hata sentimita 30 na kupita miaka 10, huyo wa bakuli amedumaa tu maana anaogelea kwenye amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wake mwenyewe. Ugumu wake ni wa baridi, anavumilia hata bwawa lililoganda juu, ila kwa joto letu la Februari maji yanashika oksijeni kidogo, ndo unamwona kaja juu anahema mdomo wazi, mtu anadhani njaa anamwagia makombo ya mkate, mtihani huo. Mpe bwawa lenye kivuli au tangi kubwa lenye filta na pampu ya hewa, na ukibadilisha maji badilisha robo tu.