Uvimbe mkali wa ubongo: majibu ya kinyama yanasema nini?

Shikamoo daktari. Baba amepasuliwa kichwa hapa Moshi. Majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopelekwa maabara, yameandikwa "glioblastoma, daraja la 4". Ndiyo nini?

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Ni saratani iliyoanzia kwenye ubongo wenyewe, haikutoka mapafuni wala kwenye ini. Daraja la 4 ndilo kali kuliko yote: seli zinagawanyika mbio, mishipa mipya ya damu inaota, na katikati ya uvimbe mara nyingi kuna sehemu zimeshakufa.

Tumeambiwa wapime na jeni. Hadubini haitoshi?

Haitoshi. Uvimbe wa watu wawili unaweza kufanana kwenye hadubini, tabia zikawa mbalimbali kabisa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, glioblastoma ya mtu mzima ni ile ambayo jeni za IDH hazijabadilika. Msishangilie hilo, wenye IDH iliyobadilika ndio kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Maabara hutazama pia kama jeni ya EGFR imejirudufu, maana hiyo huiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Hutazama pia kama jeni ya TERT imewashwa, seli ikakataa kuzeeka. Na kama kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 7 imezidi huku ya 10 imepungua. Likionekana hata moja kati ya hayo matatu kwenye uvimbe wa aina hii wenye IDH isiyobadilika, jina ni glioblastoma, hata kama hadubini ilionyesha upole.

Ningekuwa mimi, ningeulizia MGMT kwanza. Jeni hii hukarabati DNA iliyoharibiwa na dawa. Ikiwa imezimwa, vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani hii, hufanya kazi vizuri zaidi.

Uvimbe ulianzia wapi hasa?

Zamani lawama zote zilikwenda kwa astrosaiti, seli zilizokomaa zinazohudumia neva. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walikuta, kwa wagonjwa wengi, baadhi ya mabadiliko yale yale ya jeni kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo, penye seli shina (seli changa zinazozaa seli nyingine), mahali pasipo na uvimbe. Yaani uvimbe unaweza kuanzia kwingine: mtu kukutwa Arusha si kwamba kazaliwa Arusha. Wengine wanashuku seli changa zinazotengeneza ala, yaani kifuniko, cha neva. Huenda chanzo si kimoja kwa wote.

Sisi watoto tutarithi?

Mara nyingi hapana. Mabadiliko haya hutokea ndani ya mgonjwa mwenyewe. Koo chache tu ndizo zenye jeni za kurithi. Wala hakurogwa.

Kliniki ijayo tuulize nini?

Ulizeni kama kile kipande cha nta chenye kinyama kimetunzwa, na namba yake ni ipi. Vipimo vya jeni havipo kila hospitali, lakini kipande hicho kinaweza kusafirishwa kikapimwe kwingine bila baba kupasuliwa tena.