Je wajua? Dawa ya kichwa unayomeza kila siku inaweza kuwa ndo inakuumiza kichwa

Mwanafunzi wa bweni, kidato cha pili hivi, kichwa kinamgonga, anafungua tranka anatoa Panadol mbili anashushia na maji, baada ya muda yuko poa. Keshokutwa tena. Miezi inaenda, sasa anameza karibu kila siku na kichwa nacho kinauma karibu kila siku, nyumbani wanasema labda macho, labda malaria, bibi anasema kuna mtu kamtupia jicho. Dawa yenyewe haishukiwi na yeyote, itashukiwaje wakati ndo inamtuliza?

Madaktari wanalijua hili, ni kichwa kinachosababishwa na kuzidisha dawa. Na wengi wanachanganya hapa, kuzidisha sio kubugia vidonge kumi kwa mpigo, wanachohesabu ni SIKU. Unaweza kumeza viwili tu kama pakiti inavyosema na bado ukaingia. Parasetamoli (ndo hiyo Panadol), ibuprofeni au aspirini, ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, umeshafika. Zenye mchanganyiko wa dawa, au zenye kodeini (dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini), siku 10 tu kwa mwezi zinatosha.

Inakuwaje sasa? Mfumo wa maumivu kichwani ukizoeshwa dawa kila mara unakuwa mwepesi kuwaka, yaani jua kidogo, njaa kidogo, kelele za darasani, tayari, na dawa ikiisha mwilini kichwa kinarudi, unameza, kinatulia, kinarudi. Halafu kuna kafeini. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65, kwa hiyo viwili ni kama umepiga kikombe cha kahawa, na mwili uliozoea kafeini ukiikosa unalipa kwa maumivu ya kichwa.

Kinachonishangaza mimi ni hiki: mtu mwenye maumivu ya magoti anaweza kumeza dawa hizohizo kila siku na kichwa kisimsumbue. Wanaonaswa ni wale ambao tayari wana tabia ya kuumwa kichwa, hasa wenye kipandauso. Na kipandauso kwa wasichana wengi kinaanza umri uleule wa kuvunja ungo, kwa hiyo anayehitaji dawa zaidi ndo huyohuyo aliye karibu zaidi na mtego.

Kutoka ni kuacha, na ndo pagumu, maana siku 2 mpaka 10 za kwanza kichwa kinauma kuliko mwanzo, wengine wanatapika, hawalali, basi mtoto anasema si niliwaambia nahitaji dawa, anarudi palepale. Parasetamoli na ibuprofeni kwa kawaida zinaachwa kwa mara moja, ila kodeini usiiachishe bila daktari. Na aspirini kwa aliye chini ya miaka 16 usimpe kabisa mpaka daktari aseme, inaweza kuleta ugonjwa adimu wa ini na ubongo. Kichwa kikija na homa na shingo kukakamaa, hayo mengine yote weka pembeni, kimbia hospitali.

Kwa mzazi, tafuta kalenda. Kila siku aliyomeza weka alama moja, awe amemeza kimoja au vinne. Ukiona tarehe 20 na alama zimeshafika 12, mpeleke kwa daktari na hiyo kalenda uibebe, maana swali la siku ngapi kwa mwezi ataliuliza tu.