Je, dawa za maradhi ya akili humlemaza mtoto tumboni?

Binamu yangu wa Bombo alipopata mimba, alivifunga vidonge vyake vya haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na kuvifukia nyuma ya jiko. Nilimpongeza. Niliamini kwamba dawa inayotuliza ubongo wa mama lazima iuvuruge wa mtoto.

Nilikosea, ingawa hesabu ya juujuu ilikuwa upande wangu. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2016 ulipitia mimba zaidi ya milioni 1.3. Kwa kila watoto 1,000 ambao mama zao hawakumeza dawa hizi, takriban 33 walizaliwa na kasoro za maumbile. Kwa waliomeza zile za kizazi kipya miezi mitatu ya mwanzo, takriban 45. Kesi imekwisha?

Bado. Simama Old Taxi Park, Kampala, siku ambayo mvua imenyesha mtaa wa Ntinda na katikati ya mji ni kukavu. Kila taksi ikishusha abiria, wenye miavuli ndio waliolowa. Mgeni angeapa kwamba mwavuli hulowesha watu! Kumbe kilichowalowesha ni huko walikotoka. Mama anayemeza dawa hizi naye ana alikotoka: pengine ana kisukari, anavuta sigara, ana dawa nyingine mkobani, na ana maradhi yenyewe. Watafiti walipomlinganisha wa Ntinda na wa Ntinda mwenzake, yaani akina mama wenye hali zinazokaribiana, pengo lile likafutika karibu lote.

Risperidoni, mojawapo ya zile za kizazi kipya, peke yake ilibaki na ongezeko dogo, nalo watafiti wenyewe walitaka lithibitishwe kwanza. Kwa dawa za zamani, kundi la haloperidoli, walipatikana mama 733 tu. Hao ni wachache mno kuapia. Tena kondo la nyuma si ukuta. Dawa hupita, na mtoto aliyeizoea miezi ya mwisho huweza kuzaliwa akitetemeka au akinyonya kwa shida. Marekani ilitoa onyo hilo 2011.

Ya kuogopwa hasa ni jirani yake kabatini, valproeti, dawa ya kifafa ambayo hutumiwa pia kutuliza wazimu wa hisia kupanda na kushuka: mama akiimeza akiwa mjamzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro.

Binamu yangu hakuwa akiimeza hiyo. Wiki kadhaa bila haloperidoli, sauti zake za zamani zikarudi. Tulipofukua, kaveera lilikuwa limetoboka na vidonge vimekuwa uji, ikabidi turudi kliniki kuomba vingine.