Njiwa na shorewanda ghalani: walishe kwanza, ndipo utege

Mtego uliowekwa juu ya paa asubuhi na kutegwa siku hiyo hiyo mara nyingi hushinda mtupu, na mwenye ghala huulaumu mtego. Tatizo ni haraka. Njiwa huhofia kitu kipya. Atakizunguka siku kadhaa kabla ya kukikaribia, hasa kama chini kuna nafaka iliyomwagika ya kumshibisha. Kwa hiyo kazi huanza na ufagio: zoa punje zote, funika vihori na magunia, ili chakula cha mtegoni kiwe ndicho rahisi kuliko vyote.

Kwa njiwa, tengeneza sanduku la wavu wa waya lenye urefu wa sentimita 90, upana 60 na kimo 25 hivi. Mlangoni ning'iniza vijiti vya waya mgumu, kimoja kila baada ya sentimita 4 au 5, vinavyosukumika kuelekea ndani tu. Hapa ndipo mitego mingi huharibika. Ncha za vijiti zinapaswa kushuka sentimita 2 chini ya ukingo wa kizingiti, kwa upande wa ndani. Vikiwa vifupi, ndege aliyenaswa huvisukuma na kutoka. Vikishika kutu pale vinapobembea, hubaki wazi na njiwa huingia na kutoka apendavyo.

Weka mtego pale wanapotua kuota jua au kunywa maji, penye kivuli upande mmoja. Funga vijiti juu kwa kamba, mwaga mahindi kidogo nje, kisha kila siku sogeza chambo kuelekea ndani. Punje nzima za mahindi zinafaa kwa sababu ni kubwa mno kwa ndege wadogo. Shorewanda wao wana mtego wao, wa wavu wenye matundu madogo na mlango wa faneli unaopungua kuelekea ndani. Chambo chao ni mtama, ulezi au mahindi yaliyoparazwa.

Usitege mpaka uone kundi likiingia na kula bila wasiwasi. Hilo laweza kuchukua wiki nzima au zaidi, na kuvumilia huko ndiko kunakoleta mavuno. Ukishanasa, acha njiwa wawili au watatu ndani wawavute wenzao, wakiwa na maji, chakula na kivuli. Wengine watoe jioni, kundi la nje likiwa limekwenda kulala.

Kagua mtego angalau mara moja kwa siku, na mara nyingi zaidi kukiwa na joto kali. Ndege aliyefungiwa juani bila maji hufa kwa mateso. Bundi, mbayuwayu au ndege mwingine asiyelengwa aachiliwe papo hapo. Wengi wao wanalindwa na sheria, na bundi anakula panya wako. Sheria hutofautiana, hivyo uliza mamlaka ya wanyamapori kabla ya kutega, pamoja na njia iliyoruhusiwa ya kuwaua bila mateso. Kumpeleka njiwa mbali na kumwachia ni kazi bure: hurudi hata kutoka makumi ya kilomita.

Kinyesi kikavu kisifagiliwe hivyo hivyo. Kinyunyizie maji kwanza, vaa glavu na barakoa inayoziba vizuri, maana vumbi lake laweza kubeba vimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu.

Kisha ziba matundu, la sivyo kundi jingine litajaza nafasi. Wavu wa matundu ya milimita 50 humzuia njiwa. Shorewanda anahitaji milimita 19. Ukingo wanapopenda kutua uwekee ubao ulioinama nyuzi 45 au zaidi. Kabla ya kuziba, panda ukague viota. Njiwa huatamia mayai yake mawili kwa siku 18 hivi, na makinda hukaa kiotani mwezi mmoja au zaidi. Yakifungiwa ndani yatakufa na kuoza juu ya nafaka.