Nishati ya mwanafunzi huishia kwenye sufuria

Wanafunzi wanaoniuliza waishi vipi chuoni bila kuyaumiza mazingira huanza karibu wote na chupa za maji na mifuko. Siwalaumu, kwa sababu hayo ndiyo mazungumzo waliyokulia nayo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, wengi wao wakiwa bado shuleni. Lakini mimi ni mhandisi wa nishati, kazi yangu ni kupima umeme unavyotumika ndani ya majengo, hosteli zikiwemo, na ushauri wangu wa kwanza kwa mwanafunzi ni kwamba aitazame sufuria yake kabla ya kuitazama chupa yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uniti moja ya umeme (wati 1,000 zikitumika kwa saa moja), ile inayonunuliwa kwa LUKU, mita ya malipo ya kabla, inatosha kuchaji simu ya kawaida kiasi cha mara 40. Inawasha taa ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100, na inazungusha feni ya wati 60 kwa saa 16 hivi. Uniti hiyohiyo ikiingia kwenye pasi ya wati 1,200 inamalizika ndani ya dakika 50, na kwenye jiko la koili la wati 1,000 haivuki saa moja. Kwa hiyo anayekumbuka kuchomoa chaja kila asubuhi, kisha jioni akabandika maharage kwenye koili kwa saa 3 bila kupunguza moto, ameweka uangalifu wake mahali ambapo hauokoi kitu, kwa kuwa sufuria ile moja imekula umeme wa kuchaji simu kila siku kwa takriban miezi minne.

Maharage nayatolea mfano kwa makusudi, maana ni chakula rahisi, chenye lishe, na ndicho kinachomvusha mwanafunzi siku ambazo bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa. Maji yakishachemka hayapati joto zaidi hata moto ukiongezwa. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji takriban uniti 0.09, ilhali kuyageuza maji hayohayo yote kuwa mvuke kunahitaji takriban 0.63, yaani mara saba. Sufuria iliyoachwa wazi ikitokota kwa nguvu, huku mpishi akiongeza maji kila baada ya muda, inapika hewa ya chumba kuliko inavyopika maharage. Funika sufuria, punguza moto hadi maji yachemke polepole, na utaona kwenye mita kwamba matumizi yanashuka bila chakula kuchelewa.

Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza sana muda wa kupika, na kunahitaji bakuli na maji tu. Muhimu pia ni kuchagua maharage mapya, kwa sababu yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu, nayo hata ukiyaloweka yatakusumbua. Magadi hulainisha haraka, ila huharibu vitamini B1, kwa hiyo siyapendekezi kwa mtu ambaye mlo wake mkuu ndio huo.

Wenye uwezo wa kuchangishana na wenzao wanunue jiko la presha la umeme. Mvuke ukizuiwa ndani, joto hupanda hadi nyuzi 110 na zaidi, na likishafika hapo jiko hujizima lenyewe na kuwaka tena kidogokidogo. Maharage yaliyolowekwa huiva bila kumaliza uniti moja. Walio vyuo vya Mbeya watanielewa haraka zaidi: mji ule uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, na sufuria ya kawaida hukawia kuivisha kuliko ya Dar es Salaam.

Kwa waliopanga geto nje ya chuo, mshindani ni mkaa. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hutokana na kilo 6 hadi 10 za kuni, na miti hiyo imekatwa Pwani, Morogoro au Tanga, mbali na macho ya anayeutumia. Zaidi ya hapo, jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini, na hilo nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Wawili watatu wakichangia mtungi wa gesi wa kilo 6, tayari wamepata njia iliyo bora zaidi.

Kuhusu maji, jaribio moja linatosha. Weka kikombe cha mililita 250 chini ya bomba linalovuja bafuni. Kikijaa ndani ya dakika moja, bomba hilo linamwaga lita 360 kwa siku, sawa na madumu 18 ya lita 20. Mpelekee msimamizi wa hosteli hesabu hiyo kwa maandishi, kwa kuwa malalamiko yenye namba humfikia fundi bomba mapema zaidi.

Sasa nije kwenye kikwazo halisi. Hosteli nyingi zinakataza kupika vyumbani, na kiufundi zina haki: vyumba sita vya saketi moja, yaani vinavyolishwa na njia moja ya nyaya, vikiwasha koili za wati 1,500 kwa pamoja, mzigo unafika wati 9,000, karibu ampea 39 kwenye volti 230, wakati saketi ya soketi kwa kawaida haizidi ampea 32. Hata hivyo katazo haliondoi njaa. Linawasukuma wanafunzi wapike kwa kujificha, kwenye ekstensheni za bei ya chini zinazopata moto chini ya kitanda. Ninachokitetea ni jiko la pamoja kila ghorofa, lenye saketi yake, mita yake na majiko ya presha yaliyofungwa mahali pake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na serikali ya wanafunzi ina kila sababu ya kuutaja inapopeleka ombi hilo kwa uongozi wa chuo. Ombi liambatane na vipimo vya mita vya wiki chache na lifike kabla bajeti haijafungwa, kwani mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na barua iliyoandikwa Oktoba huenda ikasubiri mwaka mzima.